Bonde la Msimbazi na Hesabu ya Maji ya Mvua

Historia ya mji aghalabu huandikwa kwa majumba yake, barabara zake na watawala wake. Ni mara chache kuandikwa kwa mitaro yake, kwa sababu mtaro mwema hautazamwi: ukifanya kazi yake hakuna autajaye, na ukishindwa hulalamikiwa kwa siku tatu, kisha jua likiwaka husahauliwa. Lakini mtu atakaye kujua ni nani katika mji anayelipa gharama za raha ya mwenzake, hana budi kuyafuata maji ya mvua tangu yanapotua juu ya paa mpaka yanapoingia baharini. Katika Dar es Salaam njia hiyo, kwa sehemu kubwa, hupita katika bonde la Msimbazi.

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka mwendo wa karibu kilomita 35. Njiani hupokea vijito vingine, kama Luhanga, Ubungo na Ng'ombe, ukapita Vingunguti na Kigogo, ukatanda katika uwanda wa Jangwani, kisha ukaingia katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi ni mto mwembamba ambao mgeni aweza kuupita asiupe heshima. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, zinapokuwa kubwa, mto huo hulidai bonde lake lote. Jangwani hugeuka ziwa, Barabara ya Morogoro hufungwa, na klabu ya Yanga, ambayo wapenzi wake hujiita watu wa Jangwani, huona uwanja wake wa Kaunda umezama.

Kabla ya kuitazama mipango iliyofanywa juu ya bonde hili, yafaa hesabu yake ieleweke, maana ni hesabu rahisi na hukumu yote imo ndani yake. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi paa lenye meta za mraba 100, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20. Kabla nyumba haijajengwa mahali hapo, mchanga, nyasi na mizizi ya miti vilikunywa sehemu kubwa ya maji hayo, na yaliyobaki yakaenda polepole. Bati halinywi, saruji hainywi, wala lami hainywi. Nyumba 1,000 za namna hiyo hutoa lita 5,000,000 kwa mvua ile ile moja, na maji hayo hayakai kwa wenye nyumba. Yanamshukia aliye chini yao.

Wahandisi hupima mtaro kwa mvua wanayoitarajia. Wakisema mtaro umejengwa kwa mvua ya miaka 10, maana yake si kwamba mvua hiyo itangoja miaka 10 ndipo ije, bali kwamba kila mwaka iko nafasi moja katika 10 ya kuja. Mtaro wa mvua ya miaka 50 huwa mpana zaidi, hula ardhi zaidi na fedha zaidi. Kwa hiyo mtu anayeamua upana wa mtaro anaamua pia ni mara ngapi mtu fulani, katika mtaa fulani, ataingiwa na maji kitandani. Uamuzi huo huandikwa kwa lugha ya vipimo, lakini ni uamuzi wa siasa na wa fedha, na ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo.

Dar es Salaam iliasisiwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani walipoifanya makao makuu ya koloni lao mwaka wa 1891, walitoa mwaka huo huo amri ya ujenzi iliyoigawa ardhi ya mji kwa namna ya nyumba, na kwa kufanya hivyo wakawagawa watu. Waingereza waliokuja baadaye waliendeleza mgawanyo huo: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi kuwa mpaka. Huduma za mji, kama taa, maji na mitaro iliyojengwa kwa mawe na saruji, zilianzia upande wa kwanza, zikaenda upande wa mwisho kwa mwendo wa kinyonga.

Mwaka wa 1949 ulikuja mpango mkuu wa kwanza baada ya vita, uliotungwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb. Mpango huo uligawa makazi katika sehemu za watu wachache, za watu wa wastani na za watu wengi, maneno ambayo kila mtu aliyasoma kuwa ni Wazungu, Wahindi na Waafrika. Mabonde ya mito, Msimbazi likiwamo, yaliachwa wazi yawe njia za kupitisha upepo wa baharini na kuzitenga sehemu hizo. Hapa pana jambo la kutafakari. Wakoloni waliliacha bonde kwa nia ya kuwatenga watu, lakini kwa kufanya hivyo walilipa maji nafasi yake. Uhuru ulipokuja, ilikuwa haki kabisa kuikataa ile nia. Ila sababu ya pili, ile ya maji, haikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na ni rahisi kwa ukuta wa dhuluma unapobomolewa kubomoka pamoja na kingo za mto.

Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru wa Tanganyika, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Watu wake, waliokuwa kiasi cha 129,000 mwaka wa 1957, walifika karibu 273,000 mwaka wa 1967. Mpango mkuu wa pili, wa mwaka wa 1968, uliandikwa na washauri kutoka Kanada, nao ulipanga jiji likue kwa kufuata barabara kuu. Jiji likakua kweli, lakini halikungoja viwanja vilivyopimwa. Mtu aliyetoka bara akitafuta kazi Kariakoo au bandarini alihitaji mahali pa karibu ambapo angeweza kwenda kazini kwa miguu. Ardhi ya karibu iliyokuwa haina mwenyewe, au iliyouzwa kwa bei ndogo, ilikuwa ya mabondeni.

Wakati huo huo chombo kilichopaswa kuitunza mitaro kiliondolewa. Sera ya madaraka mikoani, iliyoanza mwaka wa 1972, ilizivunja halmashauri za miji na kuziweka kazi zake chini ya utawala wa mikoa. Nia ilikuwa kuwafikishia maendeleo watu wa vijijini, nia ambayo hakuna mwenye moyo mwema angeilaumu. Lakini mtaro wa mjini huhitaji mtu wa kuuzibua kila msimu, na mtu huyo huhitaji mshahara, koleo na msimamizi. Mitaro na karo zikaziba. Kipindupindu kilipozuka mwaka wa 1977 na 1978, hali ya miji ikawa miongoni mwa sababu zilizoifanya serikali iamue, mwaka wa 1978, kuzirudisha halmashauri za miji. Zilirudi zikiwa na wajibu wote wa zamani, lakini hazikurudi na mapato ya kutosha.

Mpango mkuu wa tatu, wa mwaka wa 1979, ulisema waziwazi jambo ambalo mipango ya awali ililigusa kwa mbali: bonde la Msimbazi ni ardhi ya hatari, haifai kukaliwa na watu. Neno hilo lilikuwa kweli. Ila kumkataza mtu mahali bila kumwonyesha mahali pengine anapopamudu ni kuandika juu ya maji. Jiji lililokuwa na watu 843,000 mwaka wa 1978 lilipita 1,360,000 mwaka wa 1988, na kufika karibu 2,490,000 mwaka wa 2002. Katika miaka hiyo yote ramani ilionyesha bonde tupu, na bonde lenyewe lilionyesha nyumba, vibanda, bustani za mchicha na wachimbaji wa mchanga. Tena serikali na watoa huduma walifika huko baada ya watu, wakaweka nguzo za umeme na mabomba ya maji, hata mwananchi akaona, kwa haki, kwamba mkono mmoja wa dola ulikuwa unamkaribisha huku mwingine ukimfukuza.

Jaribio moja la miaka ya 1990 lastahili kukumbukwa kwa adabu, maana lilikuwa dogo na lenye mafundisho makubwa. Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni ulio kando ya bonde, ulikuwa ukisumbuliwa na mafuriko kila masika. Kuanzia mwaka wa 1994 wakazi wenyewe, wake kwa waume, walifanya kazi ya kuchimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za mtaa wao kwa ujira. Msaada wa ufundi ulitoka kwa Shirika la Kazi Duniani, na fedha zilitoka kwa wafadhili, miongoni mwao Ford Foundation, pamoja na mchango wa jiji na wa wakazi. Jumuiya ya mtaa ilikabidhiwa jukumu la kuitunza kazi hiyo. Mafundisho yake ni mawili. La kwanza, mtu aliyeujenga mtaro kwa mikono yake hujua thamani yake, na hamruhusu jirani kuutupia taka bila kumwambia neno. La pili ni chungu zaidi: mtaro wa mtaa mmoja, ukiwa mwema, huyapeleka maji upesi kwa mtaa unaofuata. Bonde ni moja. Mtaa ukijitibu peke yake bila mpango wa mto mzima, humpa jirani ugonjwa wake.

Ukweli huo ulithibitishwa kwa msiba mnamo Desemba 2011. Mvua iliyonyesha kuanzia tarehe 20 ilitajwa kuwa kubwa kupita zote tangu mwaka wa 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu walipoteza nyumba. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mbali na masoko na kazi zao. Wako waliokaa huko na kujenga maisha mapya, na wako waliorudi bondeni, kwa sababu nauli ya kila siku ni mafuriko ya namna yake kwa mtu wa kipato kidogo. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 na mwanzoni mwa 2016 yalikuja matingatinga na alama nyekundu za X, na nyumba nyingi za mabondeni zikavunjwa.

Mwaka huo huo wa 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi, na karakana yake kubwa ilikuwa imejengwa Jangwani, ndani ya uwanda wa mafuriko. Maji hayakuibagua. Yaliingia karakanani kama yalivyokuwa yakiingia katika vibanda, na mara kwa mara usafiri wa jiji ukasimama. Jambo hili halitajwi hapa kwa kumcheka yeyote. Latajwa kwa kuwa linaondoa dhana iliyozoeleka kwamba mabondeni hukaliwa kwa ujinga wa maskini. Wahandisi wenye shahada na maskini wasio na shahada walivutwa huko na sababu moja: ardhi iliyo wazi, ya bei nafuu, katikati ya jiji.

Kuanzia hapo mipango ikachukua sura nyingine. Mwaka wa 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa masharti nafuu wa dola za Marekani milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ambao pamoja na barabara za mitaa ulijenga mifereji mikubwa ya maji ya mvua, ukiwamo ule wa Mto Ng'ombe. Mwaka huo pia ilianza kazi ya Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji walipita mitaa kwa miguu wakiandika kila mtaro, upana wake, kina chake na mahali ulipoziba. Yafaa wanazuoni waione kazi hiyo kuwa elimu ya hali ya juu. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa likipanga mitaro mipya bila kujua ya zamani iko wapi. Mkazi wa Tandale aliyemwonyesha mwanafunzi mahali maji yalipofika ukutani mwaka uliopita alikuwa akitoa kipimo ambacho hakuna ofisi iliyokuwa nacho.

Mwaka wa 2018, mafuriko ya Aprili yakiongeza uzito wa hoja, wahandisi, maofisa wa wizara na manispaa, wataalamu wa mazingira na wakazi waliketi pamoja katika mfululizo wa mikutano ya kulipanga upya bonde zima la Msimbazi. Wazo kuu lilikuwa kwamba mto usipigwe vita: upewe nafasi. Mkondo uchimbwe na kupanuliwa, tope lizuiwe huko juu kwa miti na mabwawa ya kulinasa, ardhi ya pembeni iinuliwe kwa matuta, daraja la Jangwani liinuliwe, karakana ya mabasi ihamishwe, na uwanda wa chini ufanywe bustani ya umma ambayo yaweza kuzama bila kumuua mtu. Kwa maneno mengine, baada ya miaka karibu 70, jiji lilirudi kwenye bonde lililo wazi la mwaka wa 1949, safari hii likiwa na sababu ya haki. Mwaka wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo, na serikali za Uhispania na Uholanzi zikaongeza fedha. Mnamo 2023 na 2024 wenye nyumba walithaminiwa na kulipwa fidia, nyumba zikavunjwa. Malalamiko juu ya viwango hayakukosekana. Lakini kulipwa kabla ya kuondoka, kwa wengi waliokaa bila hati, ni hatua ambayo matingatinga ya miaka minane nyuma hayakuijua.

Sasa laja swali ambalo mipango yote minne haikulijibu sawasawa. Mkopo hujenga; ni nani afagiaye? Benki hukopesha kwa ajili ya saruji, kwa kuwa saruji yahesabika, hupigwa picha na hukabidhiwa kwa sherehe. Kuzibua mtaro kabla ya masika, kuondoa mchanga baada ya vuli, kumkanya anayetupa taka, ni kazi isiyo na mwisho na isiyo na sherehe, nayo haina budi kulipwa kwa mapato ya kila mwaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiji la Dar es Salaam limejenga kuta kadhaa kwa mikopo, nyingine mahali pale pale, kwa kukosa fedha za kuziba nyufa.

Mapato yafaayo kwa kazi hiyo ni kodi ya majengo, kwa sababu jengo ndilo limwagalo maji. Lakini kodi hiyo imekuwa ikihama mikono. Mwaka wa 2016 ukusanyaji wake ulitolewa kwa halmashauri ukapewa Mamlaka ya Mapato. Tangu mwaka wa 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa kuwa 1,500 mwaka wa 2023. Ukusanyaji kwa njia hii ni rahisi, na huwafikia watu ambao mkusanyaji wa zamani hakuwafikia. Ila una kasoro mbili. Mwenye nyumba ya paa la meta za mraba 60 na mwenye nyumba ya meta 400 yenye ua uliofunikwa saruji hulipa sawa, maadamu zote ni za chini. Na anayelipa haoni uhusiano wowote kati ya shilingi zake na mtaro ulio mbele ya mlango wake. Utunzaji wa barabara za mijini na mifereji yake, kwa upande wake, ulikabidhiwa mwaka wa 2017 kwa TARURA, wakala wa serikali kuu. Hivyo mwenye mtaro ni mmoja, mwenye kodi ni mwingine, na mwenye maji ni wa tatu.

Katika miji mingi ya Ujerumani, na katika miji kadhaa ya Marekani, mwenye nyumba hutozwa ada ya maji ya mvua kwa kadiri ya eneo lake lisilonywa maji, na hupunguziwa akiacha udongo wazi au akijenga tangi la kuyakinga. Desturi hiyo haiwezi kuhamishwa nzima nzima kuletwa Dar es Salaam, ambako mamilioni ya watu huishi katika nyumba zisizopimwa. Lakini kanuni yake ni safi na yaeleweka hata sokoni: apelekaye maji alipie njia yake. Picha za angani na ramani zilizokwisha kuchorwa na wanafunzi zatosha kuzitenga nyumba ndogo na kuzisamehe, na kuyahesabu majumba makubwa, maghala na viwanja vya kuegesha magari ambavyo ndivyo vimwagavyo maji mengi zaidi.

Historia ya bonde la Msimbazi, tangu amri ya 1891 hadi mkopo wa 2022, ni historia ya hesabu inayoandikwa juu na kulipwa chini. Mkazi wa Kigogo amelipa kwa magodoro yaliyoloa, kwa siku za kazi zilizopotea, kwa watoto waliougua, na mara nyingine kwa maiti. Naye hakuwahi kuandikiwa stakabadhi. Nyumba yake ikivunjwa na bustani ikapandwa mahali pake, deni hilo halitakuwa limekwisha, maana mapaa ya juu yatakuwa yamebaki palepale, na mengine yanaongezeka kila mwezi upande wa Ubungo na Kisarawe. Watu wa jiji walikuwa 5,383,728 katika sensa ya mwaka wa 2022. Siku ambayo mwenye paa kubwa la mlimani atapokea hati ya malipo ya maji yake, na fedha hizo zikamlipa kijana wa kuuzibua mtaro mwezi wa Februari, kabla wingu la kwanza la masika halijatanda, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba mpango wa mitaro ya Dar es Salaam umekamilika.